Nta Kinywani mwa Mama Mkubwa

Kabla sijamfahamu fundi Dunstan nilidhani meno ya bandia yanatoka kiwandani kama vifungo vya shati: unachagua saizi, unavaa, unaenda zako. Siku hizi mtu akicheka stendi ya Handeni namtazama meno mpaka ananiuliza kama tunajuana.

Karakana yake iko Korogwe mjini, chumba cha uani nyuma ya mafundi cherehani. Ukiingia tu, rafu nzima ni meno. Ya plasta, meupe, hayana midomo wala mashavu, na yote kama yanakucheka wewe. Watoto wa mtaa wanachungulia dirishani kisha wanatoka mbio, wanasema mzee yule anang'oa meno ya maiti. Hang'oi hata ya walio hai, maana kung'oa ni kazi ya daktari. Yeye anayatengeneza, na kabla ya kutengeneza yale ya kudumu anatengeneza kwanza ya nta, ili daktari na mwenye kinywa wayaone na kuyajaribu wakati bado yanarekebishika.

Alizaliwa Hale. Babu yake, Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge, na baba yake akaukata pia. Dunstan akiwa mdogo alichonga sura za watu kwenye vipande vya sabuni ya mche, na mama yake alimchapa kwa kuwamalizia sabuni ya kufulia. Ilikuwa hivyo mpaka mwalimu wake alipoiona sura yake mwenyewe, pua na chunusi na kila kitu, kwenye kipande kama hicho. Badala ya kukasirika akamwambia Dar kuna chuo wanafundisha watu kuchonga meno. Dunstan anasema alidhani ni utani. Mimi pia ningedhani hivyo.

Sisi tulifika kwake kwa ajili ya Mama Mkubwa Mwaija, dada yake mama. Anaishi Magoma na anafundisha madrasa. Msimu wa mvua bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye utelezi, akaanguka kifudifudi, meno manne ya mbele juu yakaenda. Kidonda kilipona lakini kisomo hakikupona. Ziko herufi za Kiarabu, kama thaa, ambazo lazima ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya juu. Meno yasipokuwepo ulimi unakosa pa kugusa, unatoka upepo mtupu. Mama Mkubwa alivumilia, akifundisha huku mtandio umemfunika mdomo, mpaka siku alipomsikiliza mtoto mdogo akisoma Suratul Kauthar na upepo uleule, ingawa mtoto ana meno yake yote. Alikuwa anamuiga mwalimu wake.

Siku hiyo akafunga madrasa. Alimwambia mama kwamba kama meno mapya hayatamrudishia herufi zake hatafundisha tena, maana kosa la mwalimu haliishii kwa mwalimu.

Mara ya kwanza nilipomsikia akiongea na fundi, alikuwa nyuma ya mtandio, lakini utani wa Wazigua, ndio sisi, na Wanyamwezi haujali mtandio. Alimwambia, "Babu zako walibeba meno ya tembo mpaka pwani. Wewe umebaki na ya binadamu."

Fundi akajibu kwamba angalau haya hayamvunji mtu mgongo, akamwomba picha yoyote aliyocheka. Haikuwepo. Picha zote za Mama Mkubwa, hata ya harusi, midomo imefumba. Basi fundi akachagua kutoka kwenye rafu kalibu ya mpira, yaani umbo la kumiminia nta, aliyoitengeneza zamani kwa meno ya mtu mwingine, meno mazuri, yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Akamimina nta, akayapachika kwenye kibao chembamba cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa, akampa avae. Yaani alipendeza. Mama alilia kidogo. Halafu Mama Mkubwa akajaribu kusoma, na tukasikia filimbi.

Akajaribu tena. Filimbi. Akayatoa mdomoni taratibu, akayaweka kwenye kiganja cha fundi.

"Haya ni ya kupigia picha, fundi," alisema. "Mimi nataka ya kusomea."

Fundi Dunstan ni Mkatoliki, Kiarabu hajui hata herufi moja. Hakubisha. Alimwomba mama aitamke hiyo herufi, kwa kuwa mama na dada yake walifundishwa na babu yangu kwenye mkeka mmoja. Mama akaitamka. Fundi akamwomba tena, akasogeza taa karibu, akainama akichungulia mdomoni mwake kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Meno ya mama yameinama mbele kidogo na yana mwanya. Fundi akauliza kama zamani walifanana.

"Watu walikuwa wanatusalimia kwa majina ya kubadilishana," mama akasema.

Fundi akacheka peke yake. Akasema ametazama meno ya watu miaka yote hii na hajawahi kuyasikiliza.

Alimjaza mama mdomoni uji mzito wa rangi ya waridi ambao uliganda kama ugali uliolala, akautoa na alama ya kila jino imebaki ndani. Akamimina plasta humo, akapata meno ya mama kwa umbo la mawe. Kisha akayafunika yale ya mbele kwa mpira laini, na ulipokauka akauvua. Ndiyo kalibu. Ukichungulia ndani unaona matundu manne tu. Nilishindwa kuamini kwamba mle gizani ndimo yalimo meno ya mama yangu, mpaka na ule mwanya.

Tuliporudi kwake, aliniruhusu nisimame karibu alipomimina. Hapo ndipo nilipojua kwamba jino halina rangi moja. Tangu nizaliwe nina meno na sikujua. Kwanza aliyeyusha nta inayopenya mwanga, kama nyama ya dafu changa, akaidondosha kwenye ncha za matundu, akaizungusha na kumwaga iliyozidi, ukabaki utando tu. Juu yake akaweka nta ya rangi ya pembe, akaikwaruza ingali vuguvugu ifanye vidole vidole, kwa sababu ndani ya jino la kweli ndivyo ilivyo. Karibu na fizi akaongeza iliyoiva zaidi, karibu njano. Halafu akaikandamiza kalibu yote juu ya plasta ya mdomo wa Mama Mkubwa, aliyompima siku ya kwanza, kwenye kile kibao, akangoja ipoe.

Alipoivua nikashika mdomo wangu mwenyewe. Meno yalikuwa pale. Hayakuwa kama meno, yalikuwa meno.

Lakini yeye hakuridhika. Alichukua kisu kidogo akapunguza ncha, akieleza kwamba dada mkubwa ameguguna mahindi mengi kuliko mdogo, lazima meno yake yawe yamelika. Akachora mistari ya urefu unayoiona tu ukigeuza kwenye mwanga, na kwenye jino moja ufa mwembamba wa rangi ya chai. Nikamuuliza kwa nini anaharibu.

"Jino lisilo na kasoro watu wanalitazama," alisema. "Lenye kasoro wanamtazama mwenye nalo."

Mwisho akayasugua kwa kipande cha soksi ya kike kilicholowa maji baridi, yakang'aa kama yana mate.

Mama Mkubwa aliyavaa akiwa ametupa mgongo. Fundi akamwonya asiyang'ate, na asikae nayo sana, kwa kuwa kinywa kina joto, Korogwe nayo ina joto, na nta haina subira. Avae, asome kidogo, avue.

Alisoma Bismillahi kwa sauti ya chini. Akaanza Suratul Kauthar, na ilipofika mwisho wa aya ya kwanza, ile thaa ikatoka. Laini, nzima, ulimi umekaa mahali pake. Mama alishika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa nimezoea kuisikia herufi hiyo kila siku wala sikuwahi kufikiri inakaa wapi.

Fundi hakuelewa neno hata moja, lakini alijua. Nilimwona akikiweka kisu chini.

Mama Mkubwa akamaliza sura, akaanza Suratut Takathur, sauti ikipanda, mtandio umeshuka mabegani na hana habari nao. Akamaliza akaingia nyingine. Fundi akatazama mdomo wake, nami nikatazama, nikaona ncha za yale meno mazuri zinaanza kulainika, moja inainamia mwenzake. Mama akainua mkono amzuie dada yake, kazi yote ile isiharibike.

"Mwache mwalimu asome," fundi akamwambia kwa sauti ya chini. "Kalibu ninayo."

Akawasha taa ya spiriti, akaweka nta nyingine iyeyuke.