Anayeonja juisi kwa nyuso za wateja

Saa tatu asubuhi, mteja wa kwanza anaivuta glasi karibu, anatia mrija mdomoni na kunyonya. Mchanganyaji aliye nyuma ya kaunta haitazami juisi. Anatazama nyusi. Kisha pua. Kisha koo, aone kama funda limeteremka lenyewe au limesukumwa.

"Limesukumwa," anamnong'oneza keshia.

"Nzuri!" anasema mteja, anatabasamu, anachukua simu yake na kuondoka. Glasi inabaki mezani ikiwa imejaa hadi karibu na ukingo.

Hii ni baa, lakini ukilewa hapa umelewa tango. Kila kinachouzwa kimetokana na mimea. Maziwa ni ya korosho, utamu ni wa tende, na hata asali imepigwa marufuku, eti nyuki hakuulizwa. Viti ni virefu kiasi kwamba mtu mfupi hupanda kwanza, akahema, ndipo akaagiza. Ukutani yananing'inia majani ya plastiki, mimea pekee humu ndani ambayo haijapitia kwenye blenda.

Juisi zenyewe zimepewa majina mazuri kuliko ya watoto wa watu. Ndiyo maana ukisimama karibu na kaunta utasikia mazungumzo kama haya:

"Dada, naomba Amani ya Ndani."

"Amani ya Ndani imekwisha, kaka yangu. Nikupe Moyo Mwepesi?"

"Huo una nini ndani?"

"Bitiruti."

"Basi acha nikae na moyo wangu mzito."

Anayehudumia ni Dada Kijani, jina alilobandikwa na wenzake kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo havitakati hata avioshe kwa sabuni gani. Ndiye mchanganyaji mkuu. Ana kisu kikali, kumbukumbu kali zaidi, na mdomo ambao ukichokozwa haulali na deni. Kitu kimoja tu hana: pua.

"Ipo," anasahihisha, akiigusa. "Tena kubwa. Haifanyi kazi tu."

Iliacha kazi mwaka juzi baada ya mafua mabaya. Mafua yalipoondoka yalichukua vitu vyao vyote, yakachukua na kisicho chao. Ulimi ulibaki na yale makubwa: utamu, uchachu, uchungu na chumvi. Lakini harufu ndiyo inayomwambia mtu kwamba utamu huu ni wa embe na ule ni wa papai, na harufu haikurudi. Ukimfunga macho ukampa yote mawili, anasema, atakwambia ni laini, ni tamu, ni baridi, asante.

Nyumbani, mume wake, ambaye ni fundi bomba, aliipokea habari hiyo bila majonzi makubwa. "Tangu tuoane," anasema fundi, "ndiyo mara ya kwanza navulia viatu ndani na sifukuzwi." Lakini ni yeye huyo aliyerudi jioni moja akakuta maharage yamegeuka mkaa jikoni, huku mkewe ameketi chumbani anakunja nguo, anaimba, hana habari. Tangu hapo fundi hupita jikoni kwanza, ndipo akasalimia.

Kazini, Dada Kijani hakumwambia mtu. Alishika vipimo alivyovijua tangu zamani, na kwa yaliyobaki akategemea nyuso za wateja.

"Uso wa kwanza ndio wenyewe," anaeleza. "Ule wa kabla mtu hajakumbuka kwamba ameshalipa. Ukipita huo, unaofuata ni wa adabu. Sasa adabu mimi nitaitia wapi? Haisagiki."

Tatizo ni kwamba wateja wake wana adabu nyingi. Wengine hupiga picha kwanza, glasi shavuni, na mtu akishapigwa picha anafurahia kinywaji ni vigumu kuanza kukilalamikia. Kwa hiyo tegemeo lake kubwa likawa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye wahudumu humwita Bi Hapana, ingawa si mbele yake.

Bi Hapana hajawahi kusema nzuri. "Hapana, hii imepoa kama salamu ya mkwe," atasema. Au: "Hapana. Leo umegombana na nani? Tangawizi yote hii!" Wahudumu wakimwona anavuka barabara, kila mmoja hukumbuka kazi yake ya stoo. Dada Kijani humfutia kiti.

"Yule ndiye ulimi wangu," anasema. "Nimeazima, lakini unakata."

Miezi michache iliyopita umeme ulikatika, na maziwa ya korosho yakaharibika ndani ya friji. Kwa rangi yalionekana mazima. Dada Kijani akayasaga na nanasi, na uchachu wa nanasi ukaficha ule mwingine. Glasi ya kwanza ikaenda kwa mwalimu mstaafu, ambaye huja asubuhi na gazeti lake kwapani na ambaye kila mtu humwita Mwalimu tu.

Mwalimu akainywa yote. Akasema nzuri sana. Akaaga.

Muda si mrefu keshia alifungua jagi la maziwa, akarudi nyuma kana kwamba amekuta nyoka. Maziwa yakamwagwa, mambo yakaisha. Kwa Dada Kijani hayakuisha. Yeye peke yake alijua kwamba glasi moja ilikwisha kunywewa, na asubuhi zilizofuata alichanganya juisi jicho likiwa mlangoni.

Mwalimu aliporudi, shati lilikuwa limemlegea shingoni. Na ni yeye aliyeomba radhi.

"Nisamehe kwa kupotea, binti yangu," akasema. "Tumbo langu ni la kizamani. Mambo ya kisasa haliyawezi."

"Nilitamani sakafu inimeze," anakumbuka Dada Kijani. "Mtu nimemlaza kitandani, halafu ananiomba msamaha! Nikamwambia: Mwalimu, si tumbo lako. Ni pua yangu." Akamweleza yote, kisha siku hiyo hiyo akaenda kumweleza bosi.

Bosi ni kijana aliyeacha kazi ya ofisini ili auze afya kwa glasi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ungenibakiza?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Sijui," akasema. Dada Kijani anasema jibu hilo ndilo lililomfanya amwamini.

Wakakubaliana. Tangu siku hiyo maziwa hayagusi blenda kabla keshia hajayanusa. Na kulikuwa na juisi mpya ambayo Dada Kijani alikwisha kuanza kuibuni. Ikipokelewa na wateja, atabaki kaunta. Isipopokelewa, atahamia chumba cha nyuma kumenya matunda, na mwingine atashika blenda.

Mshahara ungebaki ule ule, kwa hiyo fundi bomba hakuona msiba. Mkewe aliuona.

"Nyuma hakuna nyuso," anasema. "Kuna maganda. Nikikaa na maganda kutwa nzima, nitajuaje nimetengeneza nini? Hiyo ndiyo siku nitakayokuwa nimepoteza pua kweli."

Leo ndiyo siku ya juisi hiyo. Ina nanasi, tango, ndimu na nanaa, na imeitwa Mapambazuko. Bosi amekaa kwenye kona na glasi yake, anajifanya anasoma simu ambayo ameishika kichwa chini.

Mapambazuko yanaagizwa sana. Kila anayeonja anasema nzuri. Na kila glasi inarudi nusu.

"Makoo yote yanasukuma," anasema Dada Kijani kwa sauti ya chini, akipanga glasi hizo kwenye sinki. Anaonja mwenyewe. Utamu upo. Uchachu upo. Ubaridi upo wa kutosha. Ulimi wake hauoni kosa. Anamtuma keshia avuke barabara upesi akamwite Bi Hapana.

Keshia anarudi peke yake. "Ana nguo za harusi za watu, hanyanyuki."

"Ungempelekea glasi!"

"Nimemwambia hivyo. Amesema hapana, ikimwagikia kitambaa cheupe tutalia wote."

Ndipo Mwalimu anapoingia. Anaagiza Mapambazuko, anafungua gazeti, anakunywa. Nyusi zinapanda. Koo linasukuma.

"Nzuri sana, binti yangu."

"Mwalimu."

"Naam."

"Wewe hata nikikupa maji niliyooshea vyombo utasema nzuri."

"Itategemea vyombo gani."

Watu wanacheka. Dada Kijani hacheki. Anaegemea kaunta mpaka uso wake unakaribia gazeti. "Mwalimu wangu, leo adabu yako itanifukuza hapa. Nikikosea leo, kesho nipo nyuma namenya mananasi. Hebu nisahihishe kama ulivyokuwa unasahihisha madaftari."

"Hata madaftari nilikuwa natia alama za huruma," anakiri mzee.

Lakini gazeti analikunja. Anafumba macho, anavuta tena, anakaa na funda mdomoni muda mrefu. Anameza. Anakohoa kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa neno ambalo bado halijatoka.

"Kusema haki," anasema Mwalimu, "nahisi kama nimepiga mswaki."

Mirija inatoka midomoni. Blenda yenyewe imezimwa.

"Dawa ya meno!" anapiga kelele msichana wa dirishani, ambaye dakika chache nyuma alipigwa picha akiikumbatia glasi. "Ndiyo hiyo! Nilikuwa najiuliza ladha hii naijulia wapi!"

"Kumbe na wewe?" anadakia jirani yake. "Mimi nilidhani ni mdomo wangu."

"Mimi nilikuwa natafuta pa kusukutulia niteme."

Sasa kila mtu analalamika, tena kwa furaha, kama watu waliotoka kwenye kikao kirefu. Bosi ameigeuza simu yake upande unaofaa na kuisahau mezani.

Ilikuwa nanaa. Karibu ladha yake yote hukaa puani. Ulimini huacha ubaridi tu, na ubaridi huo Dada Kijani alidhani ni wa barafu. Kila alipotaka juisi ichangamke zaidi, alikuwa anaongeza shada.

Habishani na mtu. Anamwaga jagi zima, anaosha blenda, anaanza upya: nanasi, tango, ndimu, kipande cha tangawizi, na majani machache ya nanaa ambayo keshia anayanusa na kumrudishia mawili tu. Anamimina, anaisukuma glasi mbele ya Mwalimu.

Mwalimu anavuta. Nyusi zinatulia mahali pake. Koo linateremka lenyewe, laini, kama lifti. Anafungua mdomo aseme, kisha anabadili mawazo na kuurudisha kwenye mrija.

"Usiseme kitu, Mwalimu," anasema Dada Kijani. "Nimeshasikia."

Kufikia mchana, glasi zinarudi zikiwa na barafu tu. Bosi anakuja kaunta kudai ya kwake na kukuta jagi limekauka.

"Basi nitatafuta mtu mwingine wa kumenya," anamwambia.

"Ulikuwa na mashaka, bosi?"

"Nilikuwa na meno safi sana."

Daktari amemweleza Dada Kijani kwamba pua inaweza kurudi polepole, na inaweza isirudi. Amempa mazoezi, na kila siku kabla ya kutoka nyumbani yeye hufungua vikopo vya ganda la ndimu, karafuu na kahawa, ananusa huku akitaja jina la kila kimoja, na mume anamsahihisha. Mwezi uliopita kahawa ilipita. "Kama mtu anayepita nje ya dirisha," anasema. "Hata hakusimama. Lakini nilimwona."

Mpango wake kwa sasa hausubiri pua. Anataka kila wiki iwepo saa moja ya kuonja, vikombe vidogo, bure, mchanganyiko mpya kila mara, na sharti moja: atakayesema nzuri atalipa. Bosi amekubali. Bi Hapana ameombwa awe mwenyekiti wa kikao. Amejibu kwa neno lake la siku zote, kisha akauliza ni saa ngapi.

Na siku pua ikirudi?

Dada Kijani anafuta kaunta, anacheka.

"Nitaikaribisha vizuri," anasema. "Lakini itapanga foleni kama wateja wengine."