Nilimtegea Kofia Mtani Wangu Stesheni

Mimi ni mtu mbaya. Naanza hapo hapo ili usije ukanionea huruma katikati ya maneno haya. Nilimfukuzisha kazi mtu mzima, mwenye mvi, mwenye mke na watoto, kwa sababu alinitania mbele ya mke wangu. Nilipanga, nikangoja, nikamnasa. Na nilifurahi! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Jina langu silitaji, wala la stesheni yenyewe. Mtu wa Singida ataijua tu. Ni pale unaposhuka kwenye gari moshi kubwa litokalo pwani, ukakaa kutwa ukingoja gari la tawi likupeleke kwenu.

Mimi ni Mnyaturu wa upande wa Mungaa. Niliondoka nyumbani nikiwa kijana, nikaenda Morogoro kumpikia Mzungu wa shamba la mkonge. Ndugu yangu, kazi ya jikoni kwa Mzungu ni kumeza. Unaitwa boi na ndevu zako. Mchuzi ukizidi chumvi unarushiwa kitambaa usoni, unakiokota, unasema, "Ndiyo, bwana." Nilimeza mengi mno, na yote yalikaa tumboni yakingoja pa kutokea.

Kisha nikaoa. Mke wangu Agnesi ni Mluguru, binti wa watu wapole. Nilipopata likizo ya kumpeleka kwetu amwone baba, niliapa kwamba hatakaa chini kwenye saruji kati ya mabunda na kuku wa watu. Nikakata tiketi za daraja la pili. Mimi! Nikavaa suti kuukuu ya bwana na kofia yangu ya pama, nikajiona nimefika.

Chumba cha kungojea cha daraja la pili kilikuwa na viti vya kusukwa vyenye mikono mirefu, kioo ukutani, na mtungi wa maji ya baridi uliofunikwa kitambaa. Ndani alikuwamo mama mmoja wa Kihindi mwenye duka Singida mjini, pamoja na wanawe. Alitusogezea viti bila neno. Lakini stesheni masta alikuja kuniuliza tiketi. Akaondoka, akarudi kuniuliza tena. Akarudi tena! Yule mama wa Kihindi hakuulizwa hata mara moja. Kila mara nilitoa tiketi, nikasema, "Ndiyo, bwana," na Agnesi ananitazama.

Hapo ndipo alipoingia Mihayo.

Mihayo alikuwa hamali wa stesheni, Mnyamwezi mrefu mwenye koti la reli na namba ya shaba mkononi. Alikuja kuchukua masanduku ya yule mama. Mama akawa ananiuliza kwetu ni wapi, nami nikajibu, Mungaa. Mihayo akaliangusha sanduku chini, puu!

"Mungaa? Mnyaturu?" akapiga kelele. "Nani kamfungulia mtumwa wangu chumba cha mabwana? Toka kwenye kiti, wewe mla mlenda, bwana wako nimechoka!"

Akanivua kofia, akaivaa yeye. Akamgeukia Agnesi, akainama kwa heshima zote. "Mke wangu, pole na safari. Huyu mtumwa alikubeba vizuri? Kama alikuangusha niambie nimchape."

Kama wewe si mtu wa kwetu, ngoja nikueleze. Wanyaturu na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya kitu, kumwita mkeo mke wake, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unamrudishia tusi kubwa kuliko lake, mnacheka, kitu chako unapewa. Nilitakiwa kusema, "We punda wa misafara, vua kofia ya bwana wako kabla sijakupakia mzigo!" Basi. Nilijua hivyo tangu nikiwa mtoto mgongoni mwa bibi.

Mama wa Kihindi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtani yako huyo, bwana! Jibu!" Watu wa daraja la tatu walijaa mlangoni wakimshangilia Mihayo, aliyekuwa akitembea ukumbini na kofia yangu kichwani, mikono nyuma, akiniiga mwendo.

Sikujibu. Nilikaa pale na hasira yangu. Tiketi ile ilikuwa heshima yangu yote mbele ya Agnesi, na huyu mbeba mizigo ameichana mbele ya kadamnasi! Mihayo alipoona nimenyamaza, alinirudishia kofia taratibu, akanifuta vumbi begani. "Umekaa pwani sana, mtumwa wangu," akasema. "Ukirudi nitakufundisha upya."

Nikasema moyoni, ukinirudia nitakufundisha mimi.

Nilipofika nyumbani nilimweleza baba, nikidhani atakasirika pamoja nami. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mihayo kakuita mtumwa? Basi amekupokea! Mimi kila nikipita pale tunatukanana mpaka gari lipige filimbi. Ulimjibuje?"

"Sikumjibu, baba."

Akaacha kucheka. "Mwanangu, mtu hanyamazi hivyo kwa mtani wake."

Nikaona hata baba yuko upande wake. Likizo yote ile, watu wakinikaribisha kwa maziwa na kuku, mimi nilikuwa nikipanga kisasi. Nakwambia ukweli, kilinipa raha kuliko maziwa. Nikilala nampangia Mihayo, nikiamka nampangia Mihayo. Yule Mzungu wa Morogoro aliyenirushia kitambaa sikuwahi kumpangia lolote. Yule stesheni masta wa tiketi naye sikumpangia. Hao walikuwa juu, mkono wangu haukufika. Mihayo alikuwa karibu.

Tukarudi. Siku ile, bahati yangu mbaya niliyoiona njema, stesheni ilikuwa imefagiliwa hata kwenye mawe. Mkaguzi wa reli, Mzungu, alikuwa amekuja. Nilimwacha Agnesi ndani, nikaenda ofisini, nikavua kofia mlangoni.

"Samahani, bwana mkubwa," nikasema. "Mimi ni abiria wa daraja la pili. Nasikia mle chumbani vitu vya abiria vinachukuliwa na hamali. Naogopa kwa mali yangu."

Stesheni masta alibadilika rangi. Mkaguzi aliweka kikombe chake chini, akaniuliza ni hamali gani.

"Simjui jina, bwana. Nitamtambua akija."

Umesikia? Simjui jina! Kisha nikarudi, nikaiweka kofia yangu ya pama juu ya mkono wa kiti, karibu na mlango, mahali ambapo mtu mwenye macho hawezi kuikosa. Nikajifanya nasinzia.

Mihayo alitokea upande wa bomba la maji. Nilimsikia kabla sijamwona. "Mtumwa wangu amerudi! Amenenepa kwa maziwa ya mamaye!" Akaingia, akampa Agnesi shikamoo ya utani ya kupiga magoti, akaikwapua kofia, akaivaa, akatoka nayo nje kwa ule mwendo wake wa kuniiga. Akaenda moja kwa moja mpaka kifuani kwa mkaguzi, aliyekuwa amesimama pale na masta wakivizia.

"Kofia hiyo ni yako?" mkaguzi akauliza.

Mihayo alikuwa bado anacheka. "Ya mtumwa wangu huyu, bwana. Mali ya mtumwa si ni mali yangu?"

Watu wa daraja la tatu wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Akanigeukia. "Unamjua mtu huyu?"

Mihayo alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa furaha, yakingoja. Alidhani sasa ndiyo namjibu, sasa ndiyo mtumwa wake amejifunza. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: mtani. Ningelisema hilo, hata stesheni masta angeeleza, maana alikuwa amekaa nchi ile na anajua.

"Simjui, bwana," nikasema. "Ameniibia."

Unajua Mihayo alifanya nini? Alicheka zaidi! Alipiga kofi mapajani. "Ah, Mnyaturu, leo umenipata! Hilo tusi sijawahi kulisikia!" Aliendelea kucheka walipomfungua namba ya shaba mkononi. Walipomvua lile koti la reli, akabaki na fulana yake iliyochanika, kicheko kikaanza kupungua. Aliendelea kunitazama, akingoja niseme basi, imetosha, mrudishieni. Sikusema. Stesheni masta aliangalia ardhi. Mihayo akatolewa nje ya uzio wa stesheni aliyoitumikia tangu reli ile ikiwa changa.

Kwenye gari niliagiza chai na biskuti. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile! Nilikaa nimekunja miguu, nikitazama nyika inavyopita, nikijisikia nimewalipa wote, Mzungu wa kitambaa, masta wa tiketi, wote. Nikamsogezea Agnesi kikombe chake.

Hakukishika. "Kwetu Uluguru nasi tuna watani," akasema.

"Alinidhalilisha mbele yako."

"Mbele yangu? Mimi nilikuwa nacheka. Siku ile ya kwanza nilimpenda, nikasema kumbe kwa mume wangu kuna watu wachangamfu hivi." Akageukia dirishani. "Leo ndiyo nimeona aibu."

Nikaiweka chai chini. Hata hivyo sikujuta, usinisifu bure. Nilimkasirikia Agnesi mpaka Morogoro, na baada ya hapo nilimkasirikia kila aliponyamaza.

Kiangazi kilichofuata baba akafariki. Nilipata ruhusa, nikapanda gari, pale stesheni nikapita nimeinamisha kichwa. Hakuna aliyenitania. Nikaona nafuu, mpumbavu mimi.

Msiba wa kwetu bila watani haujakamilika. Wao ndio wanaokuja kuufanya uvumilike. Wakaja Wanyamwezi waliohamia kwetu na waliotoka mbali. Mmoja akashuka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Mwingine alimsemesha maiti, "Mzee mchoyo, umekufa mapema ili usinigawie ng'ombe zangu!" Ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa hajala wala kusema tangu baba akate roho, walimpaka majivu uso mzima wakamwita mchumba wao, na ndipo nilipomwona akicheka na machozi yakamtoka sawasawa. Walimfikia kila mtu wa ukoo. Shangazi walimvalisha kikapu. Watoto walinyang'anywa mihogo yao midomoni.

Kwangu hawakufika. Walinipita kando, kama vile kiti nilichokalia hakina mtu.

Kisha nikamwona Mihayo. Alikuwa ametoka Kintinku kwa mkewe Mgogo, alikohamia kulima baada ya kukosa kazi. Alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa vimejaa majivu ya kupaka watu, na alikuwa anakuja upande wangu.

Ndugu yangu, nilifurahi! Niliinamisha kichwa changu nimpe nafasi. Niliomba, naapa, niliomba anipake, anivue viatu, aniite mtumwa, mwizi, anitemee hata mate mbele ya ukoo mzima. Nilistahili na nilitaka. Nikafumba macho nikingoja.

Sikuhisi kitu. Nilipofumbua, Mihayo alikuwa anajifuta majivu kwenye shuka lake, kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu. Akavua kofia yake ya kitambaa. Akainama.

"Shikamoo, bwana," akasema. "Poleni sana kwa msiba."

Mzee yule! Umri wa baba yangu! Kwetu mtoto akikosa kumwamkia mkubwa anachapwa, na yeye ananipa mimi shikamoo, mbele ya jeneza la baba. Msiba wote ukageuka. Hata yule wa kaburini alitoa kichwa kutazama.

Nikachanganyikiwa. Nikatafuta lile tusi nililopaswa kulitoa siku ya kwanza, nikalitoa kwa sauti kubwa, nikijilazimisha kucheka. "We Mnyamwezi, punda wa misafara! Njoo hapa nikupakie mzigo!"

Mihayo alinitazama usoni bila chuki yoyote.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Nilimjua mwenye sauti ile. Ilikuwa yangu mwenyewe, ya jikoni Morogoro. Na tusi langu lilibaki pale hewani, tusi tupu la kijana kwa mzee, mbele ya shangazi zangu. Ndugu yangu mkubwa akainuka akaondoka nilipomkaribia. Baba akazikwa, watu wakanawa, watani wakala jogoo wao wakicheka, na mimi nililetewa chakula changu peke yangu, juu ya stuli, kwa adabu.

Nimejaribu. Nimekwenda Kintinku na kondoo kumwomba radhi. Mihayo alimpokea kondoo kwa mikono miwili, akanishukuru, akanisindikiza mpaka njiani. Laiti angenifukuza kwa fimbo!

Nakuomba wewe usomaye haya, popote unapongoja gari, daraja la kwanza au juani kibarazani. Mtani akikuvua kofia, mwache aivae. Mtukane mpaka sauti ikukauke, mwambie mkeo amtukane pia. Na kama umedhulumiwa na mtu wa juu yako, kamtafute huyo huyo, au meza. Usishuke kumtafuta aliye karibu.

Mimi nilitaka niheshimiwe kwenye stesheni ile. Siku hizi nikishuka pale, mahamali wote Wanyamwezi wananipisha njia. Wanachukua sanduku langu kabla sijasema, wanafuta kiti, wananiita bwana. Hakuna hata mmoja anayecheka.