Maji ya Duarani

Nafundisha historia katika sekondari moja pale Runzewe. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba shahidi huulizwa mapema, kabla jambo halijazunguka midomoni mwa watu likarudi limevaa nguo nyingine. Wao huandika, hujibu mtihani, husahau. Nami sikuwa bora kuliko wao.

Vijana wawili wa Ushetu walikuwa wameacha tumbaku za wazazi wao wakaja kwetu kuchimba dhahabu. Baada ya mvua kubwa, duara lao, yaani shimo walimokuwa wakichimba, lilititia wakiwa ndani. Wenzao walifukua kifusi kwa siku kadhaa, na sisi majirani tukawa tunawapelekea chakula. Siku walipowafikia nilikuwepo, nimeshika sufuria ya uji. Mmoja alikuwa hai. Mwenzake alikuwa amelala kando yake, ameshafariki. Yule aliye hai alipotolewa juu, kabla hata ya kuonja uji, alisema, "Alinipa maji yake. Kila nikimwambia na wewe kunywa, anasema hana kiu."

Nilisikia kwa masikio yangu. Mwendesha winchi alisikia, mwenye duara alisikia, na waliokuwa wakivuta kamba walisikia.

Kijana akapona, akaokoka, akaanza kutoa ushuhuda. Mwanzoni alisema Mungu aliwatia nguvu. Baadaye shimoni kukawa na mwanga. Muda si mrefu mwanga ukawa mtu wa mavazi meupe mwenye kibuyu cha maji, na watu wakawa wanatoka Kahama kuja kumshika mkono. Sikuona haja ya kugombana. Binadamu hutia chumvi, na mimi ni Mkristo, siwezi kumwekea Mungu kizuizi mdomoni mwa shimo. Kilichonikera, tena kilinikera hasa, ni nyongeza ya mhubiri wake: "Shimoni walikuwa wawili. Mmoja aliomba, mmoja hakuomba."

Maneno hayo yalifika mpaka Ushetu. Mama wa marehemu akapanda basi, akaulizia nyumba yangu, akanikuta nafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mambo ya kale?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

Hakukaa. "Nimeambiwa ulikuwepo. Ni kweli mwanangu alikufa kwa sababu hakuomba?"

Nikamweleza nilichosikia siku ile. Alijifunika uso kwa khanga, akasema, "Mayu wane," mama yangu, kisha akanyamaza. Mimi nami, kwa ule ugonjwa wetu walimu wa kutoacha ukimya upite, nikaanza kumhutubia: kwamba historia haina kipimo cha muujiza, kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa malaika aliingia wala kwamba hakuingia, kwamba inachoweza ni kupima waliosema, walisema nini na lini.

"Mwalimu," alinikata. "Sijakuuliza malaika. Nakuuliza maji."

Tukaenda kwa yule kijana. Afadhali angekuwa mwongo, ningejua pa kumshika. Alimpigia mama magoti, akalia kwa sauti. "Mama, najua alikuwepo. Lakini nikitaka kumwona ananipa maji, namwona yule wa mavazi meupe. Sura ya mwenzangu haiji tena." Hata hivyo aliahidi kwamba Jumapili atasema.

Jumapili, kanisani, mama alikaa benchi la mbele. Kijana alianza vizuri: "Tulikuwa wawili." Halafu ulimi ukashika njia yake uliyoizoea, mwanga, mavazi meupe, kibuyu. Watu wakasema amina. Ikabidi nisimame mimi. Nilisema yote niliyoyasikia, na walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mhubiri akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, una shahidi mwingine?"

Sikuwa naye. Mwendesha winchi na wavuta kamba walikuwa wameshafuata rashi nyingine, huko dhahabu mpya ilikosikika, na hakuna aliyejua ni wapi. Mwenye duara hakutaka habari za shimo lile ziguswe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zangu zilikuwa zimetawanyika. Ningewauliza na kuandika maneno yao siku ile ile, tukiwa bado na tope miguuni, leo ningekuwa na watu wa kusimama nami. Niliwaacha nikaenda nyumbani kuoga. Najuta mpaka leo, na sijui nimpelekee nani majuto haya, maana kanuni aliyoitumia mhubiri ni ile ile ninayoiandika ubaoni: shahidi mmoja hatoshi.

Nilimsindikiza mama mpaka stendi. Jua lilikuwa kali, naye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Nikamnunulia chupa ya maji ya safarini. Aliifungua, akaitazama kidogo, akanirudishia.

"Kunywa wewe, mwalimu, umesema sana leo. Mimi sina kiu."

Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka.