Ndogo Ziende Bungoma, Kubwa Ziende Kitale

Kuna watu wanaopenda kushona, kuna wanaopenda kwaya, na kuna mimi, ninayependa kutafuta makosa ya wengine. Mume wangu alilijua hili kabla hajanioa, akanioa hivyo hivyo, kwa hiyo hana la kulalamika. Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikuwa tukiishi Kitale, na kwa bahati nilipata mahali pa kuutumia ugonjwa wangu bila kugombana na majirani. Mchana nilitengeneza kompyuta za ofisi za mjini. Jioni nilikagua programu moja ya bure, iliyoandikwa na watu waliotawanyika duniani ambao sijamwona hata mmoja wao kwa macho.

Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuifanya kompyuta moja ijigawe iwe nyingi. Ile yenyewe, ya chuma, tuliiita mwenyeji. Zile za ndani, zisizo na mwili, tuliziita wageni. Kila mgeni hudhani nyumba nzima ni yake. Mwenyeji ndiye anayeujua ukweli, na kazi yake kubwa ni kugawa memori: huyu achukue kipande hiki, yule kile, asiwepo wa kulala juu ya mwenzake. Mtu aliyekulia Tongaren, ambako watu walipimiwa mashamba ploti kwa ploti, haelezwi jambo hili mara mbili. Ploti ikiandikiwa watu wawili, amani imekwisha.

Mradi ulikuwa na sheria moja kali. Badiliko haliingii mpaka mtu mwingine alisome, aridhike, na aweke jina lake chini. Nami nilikuwa mchoyo wa jina langu kuliko wa sukari.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Ndalu. Shule ilikuwa imepewa msaada wa kompyuta moja yenye nguvu na skrini kuukuu chungu nzima. Yeye akapata wazo: mwenyeji mmoja, na kila msichana apate mgeni wake. Akaomba chumba kilichokuwa stoo ya mahindi, akakifagia, akapaka rangi, ingawa harufu ya dawa ya wadudu haikutoka ng'o.

Shida ni kwamba nusu ya darasa wakishawasha, mwenyeji alikuwa akizimia na wageni wake wote. Mwalimu mkuu, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alivumilia, akavumilia. Lakini mavuno yalikuwa yameanza, na wazazi walikuwa wameanza kuleta magunia ya mahindi ya jikoni. Akamwambia shemeji waziwazi kwamba siku ya wazazi kompyuta zikizima tena mbele ya watu, chumba kinarudi kuwa stoo.

Shemeji alinisimulia hayo kwa simu akicheka. Namfahamu. Hucheka hivyo akiwa na hofu. Wengi wa wasichana wale hawakuwahi kugusa kompyuta kabla ya chumba hicho, na alikuwa amewaahidi kwamba hawatarudi kuchorewa kibodi ubaoni.

Kisababishi alikigundua mwenyewe, na hapo nampa sifa zake. Programu ilikuwa ikiviweka vipande vyote vya memori kwenye foleni moja, ndefu kama ile ya matrekta ya mahindi yanayosubiri kupimwa. Mgeni akitaka kitu, mwenyeji alianza kuuliza tangu wa kwanza: ni wewe? Ni wewe? Wageni wakizidi, alichoka akaanguka. Shemeji akaivunja ile foleni, akapanda mti mahali pake. Katika mti huo kila kipande kina mikono miwili, na kila mkono una herufi yake: l ni wa kushoto, r ni wa kulia. Vipande vya namba ndogo vinaning'inia kushoto, vya namba kubwa kulia. Mwenyeji akitafuta, anauliza wachache tu, anashuka, amefika.

Shuleni hakukuwa na intaneti. Jumamosi alikwenda mjini Bungoma, akaingia saiba, akanitumia badiliko lake. Nililisoma jioni hiyo hiyo nikiwa na chai na mandazi, na nilifurahi mno, maana kosa lilikuwapo, tena nono.

Mgeni alipokuja, mti ulimpokea vizuri. Mgeni alipoondoka, vituko vilianza. Shemeji alimtoa anayeondoka, akampandisha mtoto wa mkono mmoja akae pale, na yule wa mkono wa pili akamwacha hewani na ukoo wake wote. Nikampigia.

"Shem, wewe unazika mtu pamoja na watoto wake wazima."

"Ati nini? Aah, shem, si uweke tu jina bana. Hiyo nitatengeneza baadaye."

"Baadaye ni lini? Wazazi wakishaenda?"

"Shem, wewe ni mgumu!"

"Ndio umejua saa hii? Tengeneza."

Kesho yake asubuhi simu ililia. Alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke mpole, lakini siku hiyo sauti ilikuwa na moto.

"Wewe mtoto, ati shemeji yako amekuomba jina ukamnyima?"

"Ndio, mama, lakini si hivyo unavyofikiria."

"Jina halinyimwi! Hata kama hajaoa, mtoto ni mtoto. Sasa niambie, huyo mtoto ni msichana ama kijana? Na mbona mimi sijui?"

Ilibidi nikae chini. Kwetu mtu akiomba jina, kuna mtoto amezaliwa mahali, na mama wa watu alikuwa amekesha akimwazia mjukuu. Nilimweleza habari za mwenyeji na wageni kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye alikuwa ameshachagua kuku wa kumkaribishia mjukuu. Nilimsikitikia kweli, ingawa nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso nisicheke.

Katikati ya wiki shemeji alinipigia tutafute dawa ya lile kosa kwa simu, kwa kuwa mjini hangefika mpaka mwisho wa juma. Dawa yenyewe ni fupi. Mtu akiondoka, unashika mkono wa r mara moja tu, halafu unafuata l, l, l mpaka ukwame. Utakayemkuta huko ndiye anayepanda kukaa mahali pa aliyeondoka, na kila mtu anabaki na watu wake. Nilimwambia hivyo polepole, naye akarudia polepole, tukaagana kwa heshima.

Badiliko lilipofika, nilitaka kulia. Alikuwa ameshika l mara moja, halafu l mpaka mwisho. Mti mzima ulikuwa umepinda, na wageni wawili walikuwa wamepewa ploti moja. Nikampigia kwa hasira.

"Nilikwambia r!"

"Na si ndio nimeandika, shem? L!"

"Siyo hiyo. R!"

"Ndio hiyo! Hiyo hiyo umesema!"

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo watu wa Bungoma tunalijua na hatupendi litajwe. Midomoni mwetu l na r ni ndugu wanaoazimana nguo. Leo huyu amevaa koti la yule, kesho yule amevaa la huyu, na sisi wenyewe hatuoni tofauti. Mimi nilizaliwa Lugulu, nikakulia Tongaren, lakini kwa kuwa nilikuwa nimekaa Kitale miaka mingi, nilijiona natamka kama mtangazaji wa redio. Nilimwita mume wangu aje awe hakimu. Akanisikiliza mimi, akasikiliza simu, akakuna kichwa.

"Mama watoto, nyinyi wawili mnasema kitu kimoja, tena mnapigiana kerere."

"Haya, sema wewe hiyo inayofaa."

Akasafisha koo, akaitamka kwa fahari. Sauti kutoka Ndalu ikauliza, "Sasa hiyo ni gani?" Tulicheka mpaka mume wangu akatoka nje.

Kusema kushoto na kulia nako tulijaribu. Yeye alikuwa amechora mti wake kama mtu aliyemgeukia, kwa hiyo kushoto kwa mti wake kulikuwa kulia kwangu. Nikaona tutafika siku ya wazazi tukiwa bado tunatafuta mkono.

"Shem, sikiza," nikasema. "Achana na herufi. Namba ndogo ziende Bungoma, kubwa ziende Kitale. Mtu akiondoka, nenda Kitale mara moja, halafu rudi Bungoma, Bungoma, Bungoma mpaka barabara iishe."

"Na kwa nini Kitale ndio iwe kubwa?"

"Kwa sababu ndiko anakaa mwenye jina."

Alilalamika, lakini aliandika. Siku moja kabla ya wazazi kufika aliomba ruhusa, akaenda Bungoma, akanitumia. Nilipofungua nilikuta hakutumia herufi tena kabisa. Mikono ya mti ilikuwa imeandikwa bungoma na kitale kila mahali, mstari baada ya mstari. Baadaye wenzetu wa ng'ambo waliuliza hayo ni maneno gani ya kitaalamu, naye akawajibu kwamba ni miji miwili, na barabara ya kati ina mashimo.

Siku hiyo lakini hakuna aliyekuwa akicheka. Alikuwa ameketi saiba ananingoja. "Shem, huyu mwenye saiba anataka kufunga," aliniambia. Nikamuuliza kama hawezi kuiweka tu hiyo programu kwenye mashine ya shule, kwani ni yeye anayeitunza. Akajibu kwa sauti ndogo, "Hapana. Bila wewe kuridhika, siiweki. Wale watoto nimewaambia itafanya."

Niliingiza wageni, nikawatoa. Nilimtoa wa juu, wa chini, wa katikati, wote kwa mara moja. Nilitafuta kosa kwa uchu wangu wote, sikulipata, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kulikosa. Nikaweka jina.

Kesho yake mimi na mume wangu tulikuwa Ndalu, tumesimama ukutani na wazazi. Wasichana waliketi mmoja mmoja, kila mmoja akaamsha mgeni wake. Nusu ya darasa walipokuwa wamewasha, shemeji aligeuka kumwangalia mwenyeji. Skrini nyingine ikawaka, na nyingine, mpaka ya mwisho kabisa karibu na mlango. Wazazi walipiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimebana mikono kwapani.

Ndipo mwalimu mkuu akainuka. "Vizuri. Sasa hawa wa mbele wafunge watoke, na darasa lingine liingie."

Shemeji alinitazama. Kuondoka! Kule kule kuondoka kulikotutoa jasho. Wasichana wa mbele walifunga, wakatoka kwa mstari, na wale wa nyuma wakaendelea kuandika bila kuinua macho, kana kwamba hakuna aliyeaga. Wengine wakaingia, wakaketi, skrini zikawaka. Moyo wangu ulijaa hata nikamkanyaga mume wangu bila kujua.

Kijana wa lori akachungulia mlangoni akiwa na gunia begani. "Madam, mahindi tuweke hapa?"

Mwalimu mkuu alizungusha macho chumbani, safu kwa safu, bila haraka.

"Hapana," akasema. "Pereka ofisini kwangu."

Shemeji aligeukia ubao, akachukua dasta, akaanza kufuta. Ubao haukuwa na kitu.