Korongo Aliyevaa Joho

Shangazi yangu alikuwa na kesi ya kiwanja huko Kiseke. Jirani yake alijenga ukuta ndani ya mpaka wake, na kila tulipokwenda mahakamani tuliambiwa shauri limeahirishwa. Mara wakili wa jirani anaumwa, mara hakimu yuko semina.

Mimi kazi yangu ni kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuichapa kwenye karatasi. Basi hasira zangu nikazimalizia kwenye ubao. Nikamchonga hakimu kama korongo, wale wenye upara wanaozurura majalalani, amevaa joho, amefumba macho, na mbele yake watu wamezeekea kwenye foleni.

Wasanii tulikuwa na maonyesho katika ukumbi mmoja wa Nyakato, nikaitundika huko. Akaingia mwanaume mwenye shati la kitenge, akasimama mbele ya korongo wangu, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Aliponigeukia, nikamtambua. Alikuwa hakimu mwenyewe.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Huyu ni mimi, au siyo?"

Nikaanza kuinyoosha picha ukutani, ingawa haikuwa imepinda.

"Upara umeupatia. Ila mimi sisinzii. Huwa nasikiliza nimefumba macho."

Akaomba nakala akaitundike ofisini. Nikaiviringisha, nikampa bure, kwa woga tu. Nilirudi nyumbani sielewi. Picha niliyoichonga imchome ilikuwa imemfurahisha. Sasa nilikuwa nimemkosoa au nimempamba?

Shangazi aliposikia, alishika kichwa. "Yaani umempa zawadi mtu aliyeikalia kesi yangu?"

"Aliomba mwenyewe, shangazi."

"Na jirani akisikia? Si atasema tumehonga?"

Siku ya kesi ilipofika, hakimu hakufungua hata jalada. Alisema, "Kabla hatujaendelea, nimepokea picha kutoka kwa ndugu wa mdai. Nimeipenda, na hapo ndipo penye tatizo. Najitoa. Shauri litapangiwa hakimu mwingine, lianze upya."

Jirani alitutazama kana kwamba tumemroga. Nje, shangazi akanishika mkono. "Ametusaidia au ametukomoa?"

Sikujua. Baadaye nilikutana na yule hakimu sokoni Buzuruga, anachagua nanasi. Akaniita kwa furaha, "Mchongaji! Wageni wangu wote wanaiulizia ile picha. Nawaambia ni hakimu aliyenitangulia." Akacheka, akaenda zake, nami nikashindwa kujua kama ananitania.

Hakimu mpya alikuwa mama mmoja mkimya. Alikuja Kiseke mwenyewe, akatembea kando ya ukuta na mpima ardhi, akawauliza wazee wa mtaa wanachokijua, akawasikiliza mpaka mwisho. Hukumu ikatoka: ukuta ubomolewe. Shangazi alilia palepale mahakamani, akasema ni maombi ya jumuiya yake ya kanisani. Sikubisha, ingawa nilijiuliza tungekuwa wapi kama nisingechonga kitu.

Siku ukuta unabomolewa, tulisimama pamoja kwenye vumbi, shangazi akiokota matofali mazima mazima na kuyapanga upande wa jirani, asije akaambiwa mwizi. Akanyanyuka, akanitazama.

"Huyu mama hakimu usimchonge."

"Simchongi, shangazi."

Nilijibu upesi mno. Mpaka leo sijajua kama nilimwahidi kwa shukrani au kwa woga.