Sura Mbili Katika Picha Moja

Haya niliyaona mchana, jua la utosi, na video ninayo. Hilo ndilo linaloniudhi: ushahidi upo mkononi mwangu na hakuna anayeuona.

Kazi yangu ni kupiga video za mazishi. Siku hiyo nilikuwa Gesima, kwa mjane aitwaye Kemunto. Wanawe wawili walitaka kuuza shamba la chai mara tu baba yao akizikwa, yeye hakutaka. Nilifika nimechelewa, hata marehemu sikumtazama. Jeneza lilikuwa juani, kioo chake kikiwaka. Nyuma yake migomba ilikuwa na giza. Nikaweka kamera kwenye HDR, ambayo huhifadhi mwanga mkali na kivuli kizito katika picha moja.

Mzee wa suti ya kijivu alisimama migombani. "Kijana, hapa naonekana?"

"Unaonekana, mzee."

"Basi mwambie Kemunto chai isiuzwe."

Nilidhani ni ndugu wa marehemu.

Siku ya tatu nilipeleka flashi yenye video hiyo kwenye duka la TV mjini Kisii, nikaomba tuitazame kwenye TV bora waliyonayo.

"Hii huonyesha mpaka dhambi zako," mwenye duka alitania. Kisha akaisogelea TV. Chini ya kioo cha jeneza, sura ya marehemu. Migombani, sura ile ile, midomo ikisema nami. Niamini, ni mwenye duka aliyeizima TV, si mimi.

Nikaenda kwa Kemunto, nikampa ujumbe ule mbele ya wanawe. TV yao ina kibandiko cha HDR, lakini haina mwanga wa kutosha. Inaipokea video, kisha inaififisha. Migomba ikawa weusi mtupu. Nikaongeza mwanga: migomba ikajaa chenga, jeneza likawa jeupe kama karatasi. Sauti nayo ilikuwa imemezwa na kwaya. Ningefanya nini?

"Mama, huyu umemfundisha vizuri," alisema mwanawe mkubwa.

Kemunto hakumjali. "Alisema Kemunto? Hakusema mama fulani?"

"Alisema Kemunto."

"Basi ni yeye; ndiye pekee aliyeniita kwa jina langu. Lakini hawa wanataka kuona."

Nikampigia mwenye duka. Akasema TV ile ameshaiuza, na flashi yangu nisiirudishe kwake.

Shamba liliuzwa. Siku hizi Kemunto anachuma chai ya watu, na kila nikipita huko ananiuliza kama nimepata TV.

Nawe usiamini kibandiko. Kabla ya kununua, omba uonyeshwe picha yenye jua na kivuli pamoja. Na mtu akikuuliza msibani kama anaonekana, usikimbilie kujibu. Mimi nilimwambia anaonekana, na mpaka leo nimeshindwa kumwonyesha.