Ndoa ya Sakristia

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko cherehani yake. Mchaga wa Kilimanjaro, Mkatoliki, mtu aliyelishwa katekisimu tangu utotoni mpaka ikamtokea masikioni. Biblia nyumbani hatukuwa nayo. Tulikuwa na rozari, picha ya Moyo Mtakatifu, na baba. Inatosha, alisema.

Sasa mimi, kwa ubishi wangu, katika vijana wote wa mjini nikampenda Mlutheri. Karani wa bandarini, Mchaga mwenzetu, ila kwao ni ng'ambo ya bonde, walikofikia wamisionari wengine. Kwetu ndivyo tulivyogawanywa: ukivuka bonde umebadili dini. Jumamosi alikuja barazani na Biblia kwapani, baba anakanyaga cherehani, na mimi nyuma ya pazia la mlango nakuna nazi iliyokwisha zamani.

"Imeandikwa wapi, baba, kwamba Papa hakosei?" aliuliza kwa adabu zote.

"Na hicho kitabu chako, nani aliyekaa akasema hiki kiingie, hiki kitoke? Kanisa! Sasa unachukua fimbo ya mwenyewe unamchapia?"

"Lakini Kanisa likipotoka, kama si Neno, nani atalirudisha?"

"Weee! Kwa hiyo kila karani na kitabu chake awe Papa wa chumba chake?"

Walicheka, lakini si sana. Mama mwenye nyumba wetu, Mwislamu, alipita na ndoo yake akasema, "Nyie, Yesu wenu mmoja, mbona mnagombana kama wake wenza?" Na maneno yakimwishia, baba alikuwa na lake la kufungia. Kwetu kuna sherehe, kijana! Kengele, kinanda, ubani, misa ya Kilatini. Siku nikimwoza binti yangu, Kariakoo nzima itajua.

Ndoa ilikubaliwa, ila kwa sharti: mchumba wangu aape mbele ya padri kwamba watoto wetu wote watakuwa Wakatoliki. Jambo hilo lilimkondesha. Mwishowe akaniambia, "Nitaapa. Ila sijui nitamwambiaje mama." Mama yake alikuwa mjane, na hakuwa na mwana mwingine. Ndiye aliyemfundisha kusoma, jikoni, kwa Biblia, kabla hajatia mguu shuleni. Nikamsihi amwambie mapema. Akasema atamwambia. Ah, wapi.

Siku yenyewe nilivaa gauni jeupe alilonishonea baba mwenyewe, na shela ya kuburuza chini. Nyumba nzima ikatufuata: mama mwenye nyumba na wanawake wa uani ndani ya kanga mpya, wapangaji, wateja wa baba, mpaka wauza ndizi wa sokoni. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa basi, safari ya vumbi tupu. Alinishika mikono yote miwili akaniita mwanangu, na nikajua anasema kweli.

Kanisani altare ilikuwa tupu. Mishumaa haijawashwa, kinanda kimefunikwa. Padri, Mzungu mzee mwenye Kiswahili safi, akatokea mlango wa pembeni akatuita: maharusi, mashahidi, wazazi. Akatuingiza sakristia, chumba cha kuwekea mavazi ya misa. Mlikuwa na kabati, meza, ndoo na ufagio.

"Padri, tunabadilisha nguo?" mama yangu akauliza, maskini ya Mungu.

"Tunafungisha ndoa," padri akasema. "Ndoa ya mseto, ya Mkatoliki na asiye Mkatoliki, haifungwi mbele ya altare, wala haina misa. Nilimweleza mzee."

Wote tukamgeukia baba. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Alijua! Alijua siku zote zile, na majigambo yote yale barazani, akitegemea padri atalegea tukishafika. "Kanisa limesema," akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Mchumba wangu angeweza kumuuliza imeandikwa wapi. Hakuuliza. Hapo ndipo uso uliponishuka kabisa, maana angeuliza ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

Padri akafungua Injili juu ya meza, akamwambia aweke mkono. Mchumba wangu akaapa, neno kwa neno: watoto wote, wa kiume na wa kike, watabatizwa na kulelewa Kikatoliki, na yeye hatawavuta kwenye imani nyingine. Mama yake alisimama karibu na mlango. Ndiyo kwanza anasikia. Aliutazama tu ule mkono wa mwanawe juu ya kitabu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na shela yangu.

Tulipotoka, wanawake wa nyumba yetu walikuwa wametulia kwenye mabenchi, macho kwenye altare.

"Bado hamjaanza?" mama mwenye nyumba akaninong'oneza.

"Tumemaliza."

Akanitazama, akaelewa kwamba kuna jambo, akainuka na kupiga kigelegele. Wenzake wakamfuata nusunusu, hawajui wanashangilia nini. Nilimshukuru, na papo hapo nilitaka anyamaze.

Nje, kwenye ngazi, mama mkwe akanijia. Akaniwekea shela vizuri begani.

"Mwanangu," akasema, "wajukuu zangu wakija kunitembelea, nitaruhusiwa kusali nao jioni?"

Jamani, hilo ni swali la kufikiria? Ndiyo, mama. Basi. Lakini mimi, bibi harusi mzima, nikageuka kumtazama baba. Na baba, bingwa wa baraza, asiyeshindwa na mtu, akakohoa akasema, "Hilo tutamuuliza padri."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali.

"Haya," akaniambia. "Mkishamuuliza, mniambie."